Eti mwanamke haui?

Wengi bado tunaamini kwamba kwenye vurugu za kisiasa mwanamume huua, mwanamke hulia. Sivyo. Mwaka 1994 nchini Rwanda, Watutsi walikimbilia ofisi ya mkoa mjini Butare wakidhani serikali itawalinda. Usiku pikapu ilikuja kuwasomba kwenda kuuawa, wanawake walibakwa. Aliyewaamrisha Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, ni Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa familia na maendeleo ya wanawake. Cheo chenyewe kinauma kukitaja. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimfunga maisha, yeye na mwanawe. Rufaa ya 2015 ikapunguza hadi miaka 47. Na ubakaji ule haukuwa tamaa tu: tangu 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, mahakama hiyohiyo ilishatambua kuwa ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.