Pawa saplai ya wati nyingi haili umeme zaidi

Wengi wanaounganisha kompyuta ya mezani kwa bajeti ndogo huikwepa pawa saplai (kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuulisha vifaa vya ndani ya kompyuta) ya wati 650 wakidhani italeta bili kubwa kuliko ya wati 450. Sivyo. Namba hiyo ni kikomo cha inachoweza kutoa, si kiasi inachokula muda wote. Prosesa, kadi ya picha na diski zikihitaji wati 200, zitapewa 200 tu. Kinachogusa bili ni ufanisi: yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 250 ukutani ili itoe hizo 200, na 50 zinazopotea huishia kuwa joto.

Mimi hutilia shaka zaidi ile namba kubwa ya kwenye boksi. Igeuze pawa saplai usome jedwali la ubavuni, safu ya volti 12, maana prosesa na kadi ya picha huitegemea hiyo. Zidisha ampea kwa 12. Zikiwa ampea 20, una wati 240 tu za kulisha vifaa hivyo, hata kama boksi linajigamba kwa 500. Ya namna hiyo iache dukani.