Je, wajua kwa nini tairi lenye msumari huzibwa, na lenye nundu isiyovuja hutupwa?

Mwaka jana nilisimama kwa fundi pancha mmoja Chalinze nikiwa na matairi mawili mabovu. La kwanza lilikuwa limemeza msumari wa inchi tatu mpaka kichwani. Kila asubuhi nalikuta limepungua, naongeza upepo, naendelea na safari. La pili lilikuwa halivuji hata kidogo, ila lilikuwa limetoa nundu ubavuni, ukubwa wa nusu ndimu, tangu nilipoingia kwenye shimo usiku. Kwa akili yangu, mgonjwa alikuwa la msumari. La nundu lingesubiri mshahara.

Fundi aliyatazama mara moja. "Hili naziba," akasema, akigonga la msumari kwa spana. "Hili sizibi, kaka, hata unipe nini."

Siku hizo nilidhani anajidai. Kumbe nilikuwa na picha mbaya kichwani: nilidhani tairi ni mfuko wa mpira na kazi yake ni kushika upepo. Mpira ni ngozi tu. Mifupa ni nyuzi zilizofichwa ndani yake. Katika tairi la radiali, aina ambayo Michelin walisajili hataza yake mwaka 1946 na ambayo leo iko karibu kwenye kila gari dogo, nyuzi hizo hutoka mdomo mmoja wa rimu, zikapanda ubavu, zikapita juu na kushuka mpaka mdomo wa pili. Juu yake, chini ya ule uso unaokanyaga lami, umezungushwa mkanda wa nyaya za chuma. Ubavuni hakuna mkanda huo. Pale kuna mpira mwembamba na nyuzi peke yake.

Gari dogo lenye uzito wa tani moja na robo huliachia kila tairi kilo 300 na ushee. Kwa upepo wa PSI 32, mzigo huo wote unabebwa na kipande cha tairi kinachogusa barabara kisichozidi sana kiganja chako na vidole vyake. Hapo uso wa tairi unalala bapa, na ubavu unabonyea. Gurudumu likizunguka, ubavu unanyooka, kisha unabonyea tena. Kwenye kilomita 100 kwa saa hilo hutokea kama mara 14 kila sekunde. Ukitoka mji mmoja kwenda mwingine kilomita 100, kila sehemu ya ubavu imekunjwa zaidi ya mara 50,000.

Chukua waya, ukunje na kuukunjua mahali pamoja, uone utachukua muda gani kukatika. Ndiyo sababu kiraka cha ubavuni hakidumu: hakikai kwenye kitu kilichotulia. Na ndiyo sababu nundu inatisha. Shimo lilibana tairi kati ya ukingo wa lami na rimu, nyuzi kadhaa zikakatika, mpira wa nje ukabaki mzima. Sasa upepo unausukuma mpira usio na mfupa nyuma yake. Hakuna tundu la kuziba, maana kilichovunjika si ngozi. Wapo wanaoshona ubavu uliochanika kwa sindano na uzi mnene, na tairi likarudi barabarani. Uzi huo unashika mpira. Zile nyuzi za ndani hauziungi. Mimi silipandi, na basi linalobeba watu halistahili kulivaa kabisa.

Msumari, kinyume chake, ulikuwa umeingia katikati ya uso, penye mkanda wa chuma, mahali pasipokunjwa sana. Tundu lake lilikuwa jembamba. Kipimo kinachokubalika kwa gari dogo ni milimita 6. Likizidi hapo, au likisogea begani, yaani pale uso unapoanza kugeuka ubavu, haliponi tena.

Lakini hata tundu zuri haliamuliwi kwa nje. Hapa ndipo nilipomheshimu yule fundi. Angeweza kuchomeka uzi wa gundi kwenye tundu kutoka nje, dakika tatu, nikaondoka. Badala yake alilivua tairi kwenye rimu na kupitisha mkono ndani polepole, kisha akanionyesha kiganja: safi. Tairi lililotembezwa likiwa limelala, yaani limepungukiwa upepo, hujisaga lenyewe kwa ndani. Ubavu hukunjika kupita kiasi, hupata joto, mpira hugeuka unga mweusi na michirizi huzunguka ukuta wa ndani. Ukiukuta unga huo, msumari ni kisingizio tu; kilichoua tairi ni zile kilomita ulizoendesha ukisema utazibia mbele.

Akakwangua, akapaka solusheni, akaingiza kiraka chenye mkia, umbo la uyoga. Kofia inakaa ndani na kuzuia upepo. Mkia unajaza njia ya msumari. Mkia huo watu wengi huuona mbwembwe, kumbe bila huo maji ya mvua hupenya toka nje, hufika kwenye nyaya za chuma, nazo huoza kimyakimya. Ule uzi wa nje ni wa kukufikisha mjini, si wa kuishi nao mwaka mzima.

Kabla ya kuziba alikuwa ameangalia mambo mawili mengine. Vijinundu vilivyomo ndani ya mifereji ya uso vimewekwa milimita 1.6 kutoka chini. Uso ukilingana navyo, tairi limeisha, kuliziba ni kupoteza hela. Na ubavuni, mwisho wa namba zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi huweka miaka 10 kuwa mwisho, hata kama meno bado yamesimama. Ukinunua tairi la mtumba, anza kusoma hapo kabla hujauliza bei.

Nilinunua matairi mawili mapya, nikaagiza yafungwe mbele. Akayafunga nyuma. Kwenye lami yenye maji, akaeleza, mbele ikiteleza unaachia mafuta gari linatulia. Nyuma ikiteleza, gari linageuka likakutazamisha ulikotoka.

Tairi la nundu lilikuwa bado limeegemea mwarobaini. Nikamwambia abaki nalo. Akachukua kisu, akalichana ubavu wote kabla hajalitupa rundoni, maana, alisema, asubuhi angelikuta limeshauzwa.