Bourassa aliangushwa kwao mara mbili, akatawala
Wengi huamini kwamba kiongozi akikataliwa jimboni kwake, safari yake imekwisha. Sivyo. Robert Bourassa alikuwa waziri mkuu wa Quebec, mkoa wa Kanada, mwaka 1970 akiwa na miaka 36. Mwaka 1976 chama chake cha Liberal kilishindwa, na kiti chake mwenyewe kikachukuliwa na mshairi, Gérald Godin. Alirudi kukiongoza chama mwaka 1983. Desemba 1985 Liberal wakazoa viti 99 kati ya 122, lakini yeye akakosa kiti cha jimbo la Bertrand! Hata hivyo aliapishwa, na hapa ndipo watu wanapokosea: uwaziri mkuu kule humfuata anayeungwa mkono na wabunge wengi. Kiti alikipata Januari 1986, kwa uchaguzi mdogo wa jimbo la Saint-Laurent, akatawala hadi 1994.