"Ilikataa Kushika, Nikaongeza Moto"

Juzi na jana tu nimeletewa taa tatu za kuvulia omena hapa Kisumu, zote na ugonjwa mmoja: waya wa betri umeng'oka, na penye kiungo kimebaki kidonge cha lehemu kilichoviringana kama gololi. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Fundi, ilikataa kushika, nikaongeza moto."

Jamani. Lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40 kwa mia; bati na risasi hapa ni metali) ikifika nyuzi 190 hivi imeshayeyuka yote. Chuma changu cha kulehemia nakiweka 350 na hakipandi. Tone halienei kwa sababu limepashwa sana. Huenea kwa sababu bati limeigusa shaba na kuungana nayo. Shaba ikiwa na utando wa kutu, bati halifiki, na tone linajikunja kama maji juu ya jani la nduma. Sasa wewe unaongeza moto: unaiunguza fluksi, ile dawa ya kupaka ambayo ndiyo inayoondoa ule utando, na shaba inashika utando mpya upesi zaidi. Umemfukuza mfagiaji, kisha ukamwaga takataka.

Anayebisha ajaribu alumini. Yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660, utando wake kwa zaidi ya 2,000. Utachoma mpaka waya udondoke, na utando upo pale pale.

Hata ikishika, moto wa kupita kiasi hukulipiza baadaye. Bati na shaba zikikutana huzaa tabaka jipya, atomi 6 za shaba kwa 5 za bati. Likiwa jembamba ndilo linalobeba kiungo. Likipikwa sana hunenepa, nalo huvunjika kama kigae. Mtumbwi ukirushwa na mawimbi, waya huo umekwenda. Piga msasa, paka fluksi, gusisha chuma kwenye shaba (si kwenye lehemu!), hesabu sekunde mbili tatu, toa.

Na kuna maneno mengine ninayoyasikia. "Lehemu ni gundi tu." Soma tena habari ya hilo tabaka.

"Tone ni tone, hesabu ya kuenea kwake ni moja." Hii huja na vijana wa chuo. Kanuni ya mwanasayansi Thomas Young ya 1805 hukupa pembe ya mguso (jinsi ukingo wa tone unavyoinuka juu ya uso) kutokana na mivutano ya nyuso, ikichukulia kwamba uso mgumu haubadiliki. Kwa jani la nduma, sawa. Tone la lehemu huila shaba na kuigeuza huku likitambaa, kwa hiyo mwendo wa ukingo wake hauamuliwi na mnato (ugumu wa kutiririka) peke yake: kasi ya mmenyuko pale ukingoni, na ya atomi kufika huko, lazima ziingie. Mkiziacha nje, msishangae tone langu kuchelewa kuliko la kwenye daftari.

"Asidi ya betri inasafisha vizuri." Inasafisha, halafu inabaki ikiutafuna waya.

"Moshi ule ni risasi." Kwa joto hilo ni fluksi inayoungua, nayo inachoma kifua, fungua dirisha. Risasi iko vidoleni mwako, na umekaribia kushika chapati.