Je, wajua? Mafuta mapya na bora yanaweza kuunguza giaboksi ya gari la zamani

Mimina mafuta ya giaboksi ya otomatiki aina F, ya Ford, kwenye glasi moja na Dexron, ya General Motors, kwenye nyingine, hutaona tofauti. Yote mekundu, yote mepesi. Wekundu huo ni rangi iliyotiwa makusudi ili tone likidondoka sakafuni ujue halikutoka kwenye injini. Hausemi lolote kuhusu kilichomo. Lakini tia hayo ya Dexron kwenye Ford Mustang ya 1968 yenye giaboksi ya C4 na klachi zake za kiwandani, na gia zitaanza kubadilika kwa ulaini wa kupendeza sana. Ulaini huo ndio mwanzo wa kuungua.

Dhana inayowapoteza wengi ni hii: kazi ya mafuta ni kulainisha, kwa hiyo yanayoteleza zaidi ni bora zaidi, na ya mwaka huu yanashinda ya mwaka 1968. Kwenye injini dhana hiyo ina ukweli mwingi. Kwenye giaboksi ya otomatiki ina ukweli nusu. Humo mafuta yanasukuma pistoni kwa shinikizo, yanapitisha nguvu ya injini ndani ya tokikonveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), yanabeba joto kulipeleka kwenye kipozea ndani ya rejeta, na yanalainisha beringi na meno ya gia. Kisha yana kazi inayosahaulika: kukaa katikati ya diski za klachi wakati zinashikana. Klachi hizi hufanya kazi zikiwa zimelowa. Diski zenye bitana ya msuguano hupishana na diski tupu za chuma, pistoni huzibana pamoja, na lazima zishikane kupitia utando wa mafuta. Mafuta yakiteleza kupita kiasi, diski zinasuguana muda mrefu kabla ya kukamata.

Aina F haina kemikali za kupunguza msuguano. Kadiri diski mbili zinavyokaribia kwenda mwendo mmoja, msuguano unapanda, na mwisho zinang'ang'aniana ghafla. Dereva anasikia gari likishtuka kidogo. Dexron inazo kemikali hizo. Msuguano wake unashuka kadiri tofauti ya mwendo inavyopungua, kwa hiyo diski zinamalizia kushikana taratibu na abiria hasikii kitu.

Fikiria jahazi linalotia nanga gatini. Baharia anapitisha kamba kwenye nguzo, na msuguano wa kamba ndio unaosimamisha chombo. Kamba ya kumbi ina makwaruzo: mizunguko miwili inatosha, ingawa jahazi husimama kwa mshtuko. Kamba ya nailoni inateleza: jahazi linapunguza mwendo polepole, ila nguzo inataka mizunguko minne au mitano. Kila moja inafaa mradi mizunguko ilihesabiwa kwa kamba hiyo. Sasa chukua nailoni uizungushe mara mbili tu. Jahazi litaendelea kwenda, kamba itapita ikisugua nguzo, itapata joto, itayeyuka. Mizunguko ndiyo eneo la diski na shinikizo la pistoni. Ford walipanga vitu hivyo kwa mafuta yanayong'ang'ania. General Motors walivipanga kwa mafuta yanayoteleza. Ukikosea kwa upande wa pili, yaani F ndani ya giaboksi ya Dexron, unapata mshtuko kila gia inapobadilika, na mzigo huo unaangukia jointi na shafti. Waendesha mashindano hufanya hivyo kwa makusudi ili gia zikamate haraka. Ushahidi wao ni wa gereji zaidi kuliko wa maabara, na magari yao hufunguliwa giaboksi mara kwa mara, jambo ambalo mwenye gari la Jumapili hataki.

Historia yenyewe ni fupi, ila ina kioja. General Motors walitoa aina A mwaka 1949, wakaiboresha 1957, na Dexron ikafuata 1967. Kilichokuwa kikiyapa mafuta hayo ya zamani utelezi wake mzuri ni mafuta ya nyangumi. Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi hao mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakemia walilazimika kutafuta mbadala, ikiwemo mafuta ya mbegu za jojoba, mmea wa jangwani.

Kwa gari lililo mbele yako, anza kwa kuitambua giaboksi yenyewe, kwa sababu gari la umri huo huenda limeshabadilishiwa. Hesabu boliti za sampu, yaani bakuli la mafuta chini ya giaboksi: C4 ina 11, C6, nayo ya Ford, ina 17, Turbo-Hydramatic 350 ya General Motors ina 13. Ford za Marekani za kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi 1976 kwa kawaida hutaka F; kuanzia 1977 Ford walianza kuleta aina nyingine, kwa hiyo fuata kitabu cha gari. Borg-Warner 35, iliyomo kwenye Rover, Triumph na Volvo nyingi za zamani, nayo ni ya F. Toyota nyingi za miaka ya 1970 pia, na hili huwashangaza mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi waliozoea Toyota za sasa. Mercedes W123, ambayo bado inaonekana kwenye barabara zetu, inataka Dexron ya zamani, toleo la II au III.

Dexron VI, toleo la baadaye, ni nyembamba zaidi: kwenye nyuzi 100 mnato wake ni karibu cSt 6, wakati III ilikuwa karibu 7.5. General Motors wanairuhusu mahali pa III, ila kwenye giaboksi iliyochakaa mafuta membamba huvuja shinikizo kwenye pete na vali. WS, mafuta ya giaboksi ya Toyota za sasa, ni nyembamba pia, isitumike kwenye giaboksi hizi za zamani. Mafuta ya CVT, giaboksi za mkanda zisizo na gia za hatua, yasikaribie kabisa. Na kama giaboksi ilifunguliwa ikawekwa bitana za kisasa, neno la aliyeifunga linazidi kitabu, kwani bitana nyingi mpya za C4 zimetengenezwa kwa Dexron.

Kubadilisha aina si suala la kumwaga sampu mara moja. Chukua giaboksi ya lita 10 ambayo sampu yake inatoa lita 4: baada ya kumwaga mara ya kwanza, asilimia 60 ya mafuta ya zamani bado yamo, hasa ndani ya tokikonveta. Mara ya pili 36, mara ya tatu takriban 22. Mercedes W123 ina nati ya kumwagia kwenye tokikonveta. Zungusha injini hadi ionekane. Kwenye giaboksi isiyo na nati hiyo, chomoa bomba la kurudi kutoka kwenye kipozea, liingize kwenye ndoo, washa injini hadi itoke lita moja, zima, rudishia lita moja, rudia mpaka rangi iwe safi. Ukiacha injini ikaendelea bila kurudishia, pampu itavuta hewa.

Ndani ya sampu, vumbi jeusi laini ni la kawaida. Vipande vinavyong'aa au vya rangi ya shaba ni habari mbaya. Mafuta ya rangi ya waridi kama maziwa yanaonyesha kipozea kimetoboka na maji ya rejeta yameingia. Bitana zilizolowa maji huanza kubanduka. Usitie mafuta ya breki eti kuvimbisha sili zinazovuja. Yanavimbisha, kisha yanazilainisha mpaka zinaharibika.

Pima kimo injini ikinguruma na giaboksi ikiwa ya moto, baada ya kupitisha lever kila nafasi. Nyingi hupimwa kwenye P, lakini Chrysler TorqueFlite za zamani hupimwa kwenye N, kwa sababu kwenye P pampu haijazi tokikonveta na stiki itakudanganya. Kwenye W123 tofauti ya alama mbili za stiki ni kama lita 0.3 tu. Ongeza kidogo kidogo: yakizidi, gia zinayapiga mpaka yanatoa povu, shinikizo linashuka, na klachi zinateleza kana kwamba mafuta yamepungua.