Repaint haipangi kitu: tunavyodanganyana kuhusu menyu kunjuzi

Jamani wa Mtwara mnaoandika programu za kompyuta kwa Java Swing (vifaa vya lugha ya Java vya kutengeneza madirisha na vitufe), hili la menyu kunjuzi, ile orodha inayofunguka ukiibonyeza, limetutesa vya kutosha. Nilikuwa natengeneza kiprogramu cha kupokelea korosho ghalani, karani anachagua halmashauri, chini yake inatakiwa itokee menyu ya pili yenye vijiji. Nikaiongeza, nikaita repaint, amri ya kuchora upya, kimya. Nikaita tena, kimya. Halafu nikavuta ukingo wa dirisha kidogo tu kwa mausi, menyu hiyooo imetokea!

Hapo ndo penyewe. Watu wanasema repaint inatosha, haitoshi. Yenyewe inachora upya kilichopo kwa saizi iliyopo, na kitu ulichokiongeza sasa hivi upana wake bado sifuri na urefu sifuri, sasa itachora nini? Ulipovuta dirisha ndo mpangilio ukapigiwa hesabu upya. Hesabu hiyo ni kazi ya amri nyingine, revalidate, iite kwenye paneli (kisanduku cha dirisha) iliyobeba menyu, repaint ifuate, hasa kama kuna kitu umekitoa maana picha yake ya zamani inaweza kubaki pale pale.

Wengine wanakwambia we funga upana kwa pikseli na setPreferredSize, kazi imeisha. Kwangu "Newala" na "Masasi" zilikaa vizuri kabisa, kufika kompyuta ya ghala ambayo fonti imekuzwa, "Manispaa ya Mtwara Mikindani" ikakatwa ikaishia na vidoti, na mzigo wa mkulima ukiandikwa sehemu isiyo yake hiyo ni hela ya mtu. Ipe setPrototypeDisplayValue jina refu kuliko yote, menyu itajipimia yenyewe kwa fonti itakayoikuta.

Kuita pack, amri inayolipima dirisha upya litoshee vilivyomo, kila orodha ikibadilika nako sio, karani kashapanua dirisha anavyotaka, ghafla linajikunja. Ita mwanzoni, basi.

Na hii ya kusoma vijiji kwenye database kwa uzi mwingine (njia ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu) halafu huko huko unavimwaga kwenye menyu, eti mbona inafanya kazi. Leo ndiyo, kesho orodha inatoka nusu, kwa sababu Swing inataka iguswe na uzi wake mmoja tu. Tumia SwingWorker, kifaa cha Swing cha kazi za pembeni: soma data ndani ya doInBackground yake, inayokwenda kwenye uzi wa pembeni, menyu ijaze kwenye done, inayoitwa kwenye uzi wa Swing kazi ikiisha, hapo karani akigusa Tandahimba dirisha haligandi hata database ikichelewa.