Na kwenye sinia nitakaaje?

Wengi wanaokuja kwangu na wazo la kupasuliwa ili wapunguze uzito huuliza kama watazinduka kutoka kwenye nusukaputi. Mama huyu wa hapa Malindi hakuuliza hilo. Aliketi, akajifunga buibui vizuri, akasema, "Mwanangu, haya yote nimeyaelewa. Na kwenye sinia nitakaaje?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba sina jibu. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na kazi yangu ni kumwandaa mtu kabla ya upasuaji na kumshika mkono baadaye. Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya, kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane.

Alikuwa na miaka 47, kilo 112, na urefu wa mita 1.60. Ukigawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe unapata karibu 44, ndiyo ile BMI inayoandikwa kwenye faili. Mwongozo wa mwaka 1991, ambao madaktari waliufuata kwa miaka mingi, ulitaka 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu viliushusha: 35 hata kama huna maradhi mengine, na hata 30 kwa mwenye kisukari. Yeye alikuwa na kisukari, presha, magoti mabovu, na alikoroma hadi mumewe akahamia ukumbini. Alishajaribu siki, ndimu na maji moto, na chai za kukondesha zinazouzwa mitaani. Kilo saba ziliondoka, zikarudi tisa. Watu humwita mtu kama huyo mlafi. Ukweli ni kwamba uzito ukishuka, mwili huongeza njaa na kubana matumizi ya nguvu ili urudi ulikokuwa, na hapo nia peke yake huchoka mapema.

Daktari wake alichagua upasuaji ambao karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo si nafasi tu inayopungua, hata hamu. Ukishakatwa, hakuna kurudishiwa. Njia nyingine kubwa ni ya kutengeneza kijifuko kidogo juu na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Hiyo huwafaa zaidi wenye kiungulia kikali, na yeye wakati huo hakuwa nacho.

Maandalizi yalichukua miezi: damu, moyo, kamera ya tumboni, kipimo cha usingizi. Alipoambiwa aonane na mwanasaikolojia alikasirika. "Mimi si mwendawazimu." Nikamweleza kwamba anayekula akiwa na huzuni ataamka bado ana huzuni, ila hana pa kuiweka. Akaenda.

Wiki mbili za mwisho ndizo ngumu, na ndizo watu huzidharau. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta, limevimba na kulala juu ya mfuko wa chakula. Daktari anayefanya kazi kwa kamera kupitia matundu madogo hulazimika kuliinua ili aone. Ukipunguza sana wanga na sukari, ini husinyaa ndani ya siku hizo chache. Basi hakuna mahamri, hakuna wali, hakuna sima, hakuna soda. Karatasi aliyopewa ilikuwa ya jiko la watu wengine kabisa: jibini na mboga ambazo sokoni kwetu huzioni. Tukaiandika upya mezani kwangu: changu wa kuchemsha na ndimu, mayai, mchicha, bamia, maziwa ya mgando bila sukari. Tulivutana juu ya nazi. Kasimile, yaani tui zito, nilikataa. Tui jepesi kidogo kwenye mchicha niliruhusu, kwa sababu mchicha mkavu angeutupa, na anayetupa mchicha huishia kwenye mkate.

Siku ya tano alinipigia akitetemeka, jasho likimtoka. Sukari yake ya damu ilikuwa imeshuka hadi 3.6. Kosa lilikuwa langu: nilimpunguzia wanga bila kuhakikisha kwamba daktari amempunguzia dawa za kisukari, naye aliendelea kuzimeza kama zamani. Alikunywa chai yenye sukari akatulia, na dawa zikapunguzwa siku hiyohiyo. Tangu hapo simkabidhi mtu karatasi ya chakula kabla sijaona dawa zake.

Upasuaji wenyewe ulifanyika Mombasa, kiasi cha kilomita 120 kutoka kwetu, na hauna mengi ya kusimulia. Matundu matano, na usiku mara mbili hospitalini. Alipozinduka bega lilimuuma akadhani ni moyo, kumbe ni ile hewa wanayoijaza tumboni ili wapate nafasi ya kufanyia kazi. Jioni ileile walimsimamisha atembee, damu isigande miguuni. Kwa sababu hiyo nilimwomba mumewe wakirudi wasimame Kilifi, ashuke, atembee kidogo. Nilimwonya pia, na namwonya kila mtu: mapigo yakienda mbio, homa ikipanda au tumbo likizidi kuuma katika siku zile za mwanzo, huenda mshono unavuja. Ni kurudi hospitali saa hiyohiyo, si kuchemsha mwarubaini.

Kisha likaja suala la kunywa. Mfuko mpya haupokei mafunda makubwa, na maji yakipungua mwilini mtu hurudishwa wodini. Kumwambia "mililita kadhaa kila baada ya muda" ni kujisemea mwenyewe. Nilichukua finjani ya kahawa, hizi zetu ndogo, nikaipima: mililita 50. Finjani moja kila robo saa, polepole. Ukianza baada ya alfajiri, kufika maghribi umepita lita mbili. Binti yake alipanga finjani nne kwenye trei, na saa ikiisha anazijaza tena. Kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha maziwa, wiki ya tatu samaki aliyepondwa. Protini gramu 60 kwa siku ndiyo tulikuwa tunaifukuzia, na kuifikia kwa tumbo la namna ile ni kazi ya kutwa. Mara moja alijaribu kipande cha chapati akakitapika. Unga hujikusanya na kukwama.

Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka. Nilishamwambia zitatoka na zitarudi, lakini mtaani walisema lao: amekonda, nywele zinadondoka, ana ugonjwa. Mama mkwe akaanza kumpelekea mikate ya mofa kwa huruma. Hapo nikajua tumemwandaa mgonjwa tukasahau nyumba. Nikawaita mume, mkwe na binti, nikawaonyesha finjani, nikasema tumbo lake sasa linajazwa na vitu vichache kama hivi. Mama mkwe aliishika, akaigeuza, hakusema neno. Mikate ikakoma.

Harusi ikaja mwezi wa tano. Na sinia mnalijua: biriani katikati, watu wanne au watano wamezunguka, na heshima ni kumsogezea mwenzako nyama nzuri. Ukiiacha umemkataa. Nilikuwa nimemwandalia visingizio vitatu, hakutumia hata kimoja. Alijifanya mgawaji. Alichambua nyama, akamsogezea huyu, akamsogezea yule, mikono haikutulia, na katika kugawa huko alikula matonge manne. Wifi yake alisifu alivyokula vizuri siku ile.

Ramadhani ilikuwa nzito zaidi. Ilikuwa mwezi wa saba, na kwa joto la hapa na mwendo wa finjani, daktari na mimi tulimzuia asifunge. Alilia. Suala la kulipa siku alilipeleka kwa shehe wake, mimi si pangu.

Mwaka umepita. Ana kilo 83, dawa za kisukari amesimamishiwa, ya presha bado anameza. Vitamini atameza maisha yake yote, na damu yake tutaipima kila mwaka. Diklofenaki aliyozoea kununua dukani kwa ajili ya magoti nimempiga marufuku, kwa kuwa huchimba vidonda tumboni. Wiki iliyopita alikuja akilalamika kifua kinawaka usiku akilala. Kiungulia ni jambo ambalo upasuaji wa aina hii huweza kulileta au kulizidisha. Nimemwandikia barua ya kurudi kwa daktari wake Mombasa, na wakati huu anasema atapanda basi peke yake.